Nafasi Alizozikataa Sidney Poitier

Katikati ya miaka ya 1950, wakala mmoja wa New York, Martin Baum, alimpa mwigizaji kijana nafasi katika filamu ya uhalifu. Malipo yalikuwa mazuri. Mhusika alikuwa mfagizi katika jengo la kamari, ambaye kwa bahati mbaya anashuhudia mauaji. Wahalifu wanataka anyamaze, basi wanamuua binti yake mdogo, na baba yule kweli ananyamaza hadi filamu inakwisha. Sidney Poitier aliusoma muswada, akashukuru, akakataa. Mkewe alikuwa mjamzito, gharama za hospitali zilikuwa zinamsubiri, na ikambidi aweke rehani samani za nyumbani ili akope dola 75. Baum, ambaye wakati huo hakuwa bado wakala wake, hakuelewa hata kidogo. Hata hivyo alijiambia kwamba mtu anayeweza kukataa fedha akiwa katika hali ile anafaa kuwakilishwa, na wakafanya kazi pamoja kwa miaka mingi. Baadaye Poitier alieleza katika kumbukumbu zake kwamba hakukwazwa na kazi ya ufagizi. Alikwazwa na baba asiyefanya lolote mwanawe akiuawa. Baba yake mwenyewe, mkulima wa nyanya, asingeishi hivyo, na yeye hakutaka kumwigiza mtu ambaye baba yake angemwonea aibu.

Maisha ya waigizaji wakongwe huandikwa kwa kupanga filamu walizocheza na tuzo walizopata. Kwa Poitier mpango huo huficha jambo kubwa zaidi. Ukiorodhesha filamu zake tu utapata picha ya mtu aliyebahatika: alifika Hollywood wakati Marekani inaanza kubadilika, akapewa Oscar mwaka 1964, akapendwa na Wazungu, kisha kizazi kikali zaidi kikampita. Ukichunguza nafasi alizozikataa, masharti aliyoyaweka na mikataba aliyoitia saini, utaona mtu mwingine: mfanyakazi aliyeibadilisha kazi yenyewe ya uigizaji kwa watu weusi wa Marekani, kwanza kwa kukataa, kisha kwa kudai sehemu ya umiliki. Hoja yangu ni kwamba huyu wa pili ndiye Poitier wa kweli, na kwamba wakosoaji wake, waliokuwa na haki katika mengi, walimhukumu kwa sura yake kwenye skrini na kusahau alichokuwa akikifanya nyuma yake.

Ni lazima kwanza kujua kazi hiyo ilikuwaje kabla yake. Mwaka 1940 Hattie McDaniel alipata Oscar kwa kuigiza mtumishi wa nyumbani katika Gone with the Wind, na usiku ule wa tuzo aliketishwa kwenye meza ya pembeni, mbali na waigizaji wenzake, kwa sababu hoteli ilikuwa na ubaguzi. Kwa wanaume mlango ulikuwa mwembamba zaidi. Mwanamume mweusi wa Hollywood alikuwa mchekeshaji mvivu, mpishi, dereva, mbeba mizigo wa treni, au mwimbaji anayetokea dakika tano, ambaye sehemu yake ingeweza kukatwa filamu ilipopelekwa kwenye miji ya kusini. Waigizaji hao hawakukosa kipaji. Walikosa uwezo wa kusema hapana, kwa kuwa kila mmoja alijua kuwa nyuma yake kuna foleni ya watu wenye njaa kama yake. Studio zilijua hivyo pia, na zilijenga biashara juu ya ujuzi huo.

Poitier alizaliwa Miami tarehe 20 Februari 1927, miezi miwili kabla ya wakati, wazazi wake wakiwa wamesafiri kutoka Bahamas kwenda kuuza nyanya. Walidhani hataishi. Alikulia Cat Island, kisiwa kisicho na umeme ambako karibu kila mtu alikuwa mweusi, na alipofikia miaka kumi familia ilihamia Nassau. Akiwa na miaka 15 alipelekwa Miami kwa kaka yake, na huko ndipo alipofundishwa kwa vitisho kwamba rangi yake ina mahali pake. Mwenyewe alieleza mara nyingi kwamba somo lile lilichelewa: alikuwa ameshajijua kuwa mtu kabla hajaambiwa kuwa yeye si mtu. Nadhani maelezo hayo yana uzito kuliko yanavyopewa. New York aliosha vyombo mikahawani. Alipojaribu kujiunga na American Negro Theatre alifukuzwa jukwaani kwa lafudhi yake ya visiwani na kusoma kwake kwa kusitasita, akaambiwa akatafute kazi ya kuosha vyombo, nayo ndiyo kazi aliyokuwa nayo. Akanunua redio na kuigiza sauti za watangazaji usiku na mchana. Mhudumu mmoja wa mkahawa, mzee Myahudi, akawa anakaa naye baada ya kazi wakisoma gazeti neno kwa neno. Kisha akarudi kwenye jumba lile, akakubali kulifagia ili afundishwe.

Filamu yake kubwa ya kwanza, No Way Out ya mwaka 1950, ilimpa nafasi ya daktari anayetukanwa na kuwindwa na mgonjwa mbaguzi. Watu wa Bahamas walikuwa na hamu ya kumwona kijana wao, lakini serikali ya kikoloni ya Nassau, iliyokuwa mikononi mwa Wazungu wachache, iliipiga marufuku. Wananchi wakaunda kamati ya kupinga, filamu ikaruhusiwa, na kamati ile ikawa miongoni mwa mbegu za harakati zilizozaa chama cha PLP mwaka 1953 na utawala wa walio wengi mwaka 1967. Ni nadra sana mwigizaji wa miaka 23 kuwa chanzo cha mkutano wa kisiasa katika nchi ambayo hata hayupo. Watawala wale walikuwa wamesoma vizuri kuliko baadhi ya wahakiki wa baadaye: waliona kwamba mtu mweusi aliyevaa koti jeupe la daktari, mwenye akili na hasira anayoitawala, ni hatari kwa utaratibu uliowekwa.

Mwaka huohuo wa 1950 alikwenda Afrika Kusini kuigiza Cry, the Beloved Country, iliyotoka mwaka uliofuata. Utawala wa ubaguzi ulikuwa umeingia rasmi mwaka 1948, na ili yeye na Canada Lee waruhusiwe kuingia, mwongozaji Zoltan Korda aliwaandikisha kuwa vibarua wake wa mkataba. Waigizaji wawili wa Marekani waliingia Johannesburg kisheria kama mali ya kazi ya mtu mwingine, wakaishi nje ya mji, na kamera zilipowashwa wakawa makasisi wenye busara kuliko watawala wa nchi. Karatasi zile Poitier alizikubali kwa sababu ya kilichokuwa kwenye muswada. Nyingine alizikataa. Alipoajiriwa kwa ajili ya Blackboard Jungle ya mwaka 1955 alitakiwa atie saini tamko la uaminifu lililomlenga kwa kuwa aliwaheshimu Paul Robeson na Canada Lee, watu waliowekwa kwenye orodha nyeusi ya wanaodhaniwa Wakomunisti. Hakusaini. Jambo lilelile lilitokea kabla ya tamthilia ya televisheni ya A Man Is Ten Feet Tall mwaka uleule, na napo hakusaini. Katika miaka ile mwigizaji Mzungu mwenye jina kubwa aliweza kupoteza kazi yake yote kwa kukataa karatasi kama ile. Poitier hakuwa na jina kubwa.

Hapa lazima niiweke mezani filamu inayotuhusu sisi wa Afrika Mashariki moja kwa moja, kwa sababu ndiyo inayoipa hoja yangu taabu kuliko zote. Something of Value ilitengenezwa Kenya na kutoka mwaka 1957, kutokana na riwaya ya Robert Ruark, chini ya mwongozaji Richard Brooks. Hali ya hatari ilikuwa bado inatawala. Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, alikamatwa Oktoba 1956 na kunyongwa Februari 1957. Poitier aliigiza Kimani, Mkikuyu aliyekua pamoja na Peter, mtoto wa mlowezi aliyeigizwa na Rock Hudson, kama ndugu wawili katika shamba moja. Shemeji yake Peter anamzaba Kimani kofi, Kimani anaondoka, anaingia msituni, anakula kiapo, na mwisho anakufa ndani ya shimo la mtego huku mtoto wake mchanga akiachwa mikononi mwa rafiki Mzungu. Filamu hiyo ina huruma, lakini ni huruma ya mwenye shamba. Inamwonyesha mtazamaji damu ya walowezi, ambao raia wao waliouawa katika miaka yote ya vita walikuwa 32, na haimwonyeshi mahakama zilizowanyonga Waafrika zaidi ya 1,000, wala kambi zilizofungia makumi ya maelfu. Ardhi, ambayo ndiyo kiini cha vita, imefunikwa na maneno ya mila na urafiki. Mtu aliyekataa kuigiza baba mnyamavu alikubali kuigiza mpiganaji anayekufa ili Mzungu abaki na mtoto.

Kwa nini? Jibu rahisi ni njaa ya kazi, nalo si la uongo. Jibu lenye haki zaidi ni kwamba kipimo chake hakikuwa siasa ya filamu nzima, bali utu wa mhusika aliyepewa. Kimani ana nia yake. Anapopigwa hanyamazi, hata kama njia anayoifuata imechorwa na mwandishi asiyemwelewa, na Poitier anamwigiza kwa uzito unaoishinda hadithi: anapokuwa kwenye skrini ni vigumu kuamini maelezo ambayo filamu inayatoa kumhusu. Lakini nakiri kwamba kipimo hicho kina udhaifu. Mhusika mwenye heshima ndani ya hadithi ya uongo huweza kuufanya uongo huo umeng'enyeke vizuri zaidi, na watazamaji wa Chicago na London waliotoka ukumbini wakidhani wameielewa Kenya walidanganywa kwa msaada wa kipaji chake. Hiyo ndiyo biashara mbaya kuliko zote alizofanya, na inafaa isemwe na sisi.

Biashara nyingine mbaya haikuwa hiari kamili. Porgy and Bess ya mwaka 1959 aliikataa waziwazi, kwa kuwa aliona inawachora watu weusi kama wacheza kamari na walevi wanaoimba. Lakini mtu aliyemwakilisha alikuwa ameshatoa ahadi kwa mtayarishaji Samuel Goldwyn bila idhini yake, na Goldwyn alikuwa na nguvu ya kumziba njia ya kupata nafasi aliyoitaka kweli, ile ya The Defiant Ones. Akameza. Tukio hilo linaonyesha mipaka ya kukataa pale mkataaji asipokuwa na kitu cha kushikilia. Kuanzia hapo, ukifuatilia mwenendo wake, utaona akitafuta kitu hicho.

The Defiant Ones, ya mwaka 1958, ndiyo iliyomfanya kuwa Mmarekani Mweusi wa kwanza kupendekezwa kwa Oscar ya mwigizaji bora wa kiume. Wafungwa wawili waliofungwa mnyororo mmoja, mweusi na mweupe, wanatoroka, na mwishoni yule mweusi, akiwa ameshadandia treni ya uhuru, anaruka chini ili asimwache mwenzake. Tony Curtis, aliyekuwa nyota wa filamu, ndiye aliyetaka jina la Poitier liwekwe juu ya jina la filamu pamoja na lake, heshima ambayo hakuwa nayo kabla. Mwandishi James Baldwin aliandika kwamba katika ukumbi wenye watazamaji Wazungu watu walifarijika kwa kuruka kule, na kule Harlem wakamzomea arudi kwenye treni. Siwezi kuwalaumu watu wa Harlem. Kuruka kule kuliandikwa ili kumtuliza mtazamaji asiyekuwa na mnyororo mguuni. Ila inafaa kukumbuka kwamba Baldwin huyohuyo alimpenda Poitier na kumtetea kama msanii, akaona kwamba alikuwa akipenyeza ndani ya miswada mibovu ukweli ambao miswada haikuukusudia. Baldwin aliweza kushika mambo mawili kwa pamoja, na wengi wanaomnukuu hushika moja tu.

Oscar ilikuja Aprili 1964 kwa Lilies of the Field, filamu ndogo iliyopigwa Arizona kwa wiki mbili hivi, kuhusu kibarua anayezurura na gari lake na watawa wanaotaka awajengee kanisa. Poitier alipunguza ujira wake na kuchukua mgao wa mapato. Alikuwa mwanamume mweusi wa kwanza kuipata tuzo ya mwigizaji bora. Miezi minne baadaye, Agosti, rafiki yake Harry Belafonte alimpigia simu. Wanaharakati waliokuwa wakiandikisha wapiga kura Mississippi walikuwa wamekaukiwa fedha, na miili ya wenzao watatu waliouawa ilikuwa imepatikana mwanzoni mwa mwezi huo. Wawili hao walibeba dola 70,000 taslimu kwenye mikoba ya daktari, wakaruka hadi Greenwood, na barabarani magari ya Ku Klux Klan yakawafuata na kuligonga gari lao. Alikuwa mwigizaji maarufu kuliko wote wa rangi yake duniani, na hakuwa na sababu yoyote ya kikazi ya kuwa kwenye barabara ile.

Safari hiyo inaeleza sharti aliloliweka kwa ajili ya In the Heat of the Night, filamu ya mwaka 1967. Hadithi inatokea Mississippi, na Poitier akasema hatafanya kazi kusini mwa mstari unaogawa majimbo ya kaskazini na ya kusini. Mwongozaji Norman Jewison akapeleka kamera Sparta, katika jimbo la Illinois, na mji wa filamu ukapewa jina hilo. Kwa siku chache tu, kwa ajili ya mashamba ya pamba, Poitier alikubali kwenda Tennessee, na akalala huko akiwa na bunduki chini ya mto. Huko ndipo lilipopigwa kofi. Mpelelezi Virgil Tibbs anamhoji tajiri wa shamba, tajiri anamzaba kofi, na Tibbs, bila hata kupumua, anamrudishia. Tangu hapo kumekuwa na ubishi kuhusu nani alilileta kofi la pili. Poitier alisema aliliwekea sharti, na kwamba alitaka lisikatwe katika nakala yoyote. Watu wa upande wa mwandishi Stirling Silliphant wanasema lilikuwa ndani ya muswada tangu mapema. Katika riwaya ya John Ball, iliyozaa filamu hiyo, halimo. Mimi naona kwamba hata tukimpa Silliphant kofi lote, hoja inabaki. Mwandishi wa mwaka 1957 alimpa Kimani kofi asilolirudisha, na adhabu ya kuondoka kwake ikawa shimo la mtego. Mwandishi wa mwaka 1967 aliweza kuliandika kofi la pili kwa sababu alijua ni nani atalipiga, na alijua kwamba mtu huyo hawezi tena kuombwa alivumilie. Miaka kumi ya kukataa ilikuwa imeingia mkononi mwa waandishi kabla hawajashika kalamu.

Mwaka huohuo wa 1967, Septemba, Clifford Mason alichapisha katika New York Times shambulio kali lililouliza kwa nini Amerika ya Wazungu inampenda Poitier kiasi kile. Kwa Mason, Poitier alikuwa akiigiza mtu yuleyule kila mara: msafi, mpole, asiye na mke wala tamaa, anayetatua shida za Wazungu kisha anaondoka. Shitaka hili ni zito, na sehemu yake ni kweli tupu. John Prentice wa Guess Who's Coming to Dinner ni daktari bingwa wa kimataifa mwenye sifa nyingi mno. Mwongozaji Stanley Kramer alisema alimfanya hivyo makusudi ili pingamizi pekee litakalobaki liwe rangi, lakini matokeo yake ni mchumba asiyeruhusiwa kuwa na kasoro, na busu lake linaonekana kwenye kioo cha teksi tu. Wakati filamu inapigwa, ndoa ya namna ile ilikuwa bado kosa katika majimbo 16, hadi Mahakama Kuu ilipofuta sheria hizo Juni 1967. Hali hiyo inaeleza woga wa studio, haiuondoi. Hata hivyo Mason anakosea anaposema mtu yuleyule. Walter Lee Younger wa A Raisin in the Sun ni dereva anayepoteza fedha za familia na kuwaumiza wanawake wa nyumba yake. Homer Smith wa Lilies of the Field ni kibarua mwenye majivuno. Noah Cullen wa The Defiant Ones ni mfungwa aliyejaa chuki. Alichokataa Poitier hakikuwa umaskini, wala dhambi, wala kazi ya chini. Alimkataa mtu asiye na nia yake. Na kuhusu mapenzi, yeye mwenyewe aliandika hadithi ya For Love of Ivy, iliyotoka 1968, juu ya mwanamume na mwanamke weusi wanaopendana, na mwaka 1973 akaongoza na kuigiza A Warm December, ambamo mwanamke kutoka nchi ya kubuni ya Afrika anaishi na ugonjwa wa selimundu. Ni filamu ya kawaida tu kwa ufundi, lakini watu wangapi wa wakati ule walithubutu kuuweka ugonjwa huo kwenye skrini?

Sehemu ya maisha yake isiyozungumzwa vya kutosha ni ile ya mikataba, labda kwa kuwa haina picha za kuvutia. To Sir, with Love, iliyopigwa London, ilipewa bajeti ndogo na studio isiyoiamini. Poitier alikubali ujira mdogo na asilimia kumi ya mapato, filamu ikafanikiwa kupita kiasi, na studio ikajikuta inamlipa mtu mweusi kama mshirika. Mwaka 1968, katika kura ya kila mwaka ya wenye majumba ya sinema, alitajwa kuwa nyota anayevuta watazamaji kuliko wote Marekani. Sasa alikuwa na kitu cha kushikilia. Mwaka 1969, yeye, Paul Newman na Barbra Streisand walianzisha First Artists, kampuni ambayo mwigizaji aliacha mshahara mkubwa wa mwanzo akapata mgao na uamuzi juu ya filamu yake. Miaka 19 tangu aingie Johannesburg kwa karatasi za kibarua, alikuwa mmoja wa wenye kampuni. Chini ya mpango huo aliongoza vichekesho vya miaka ya 1970 kuanzia Uptown Saturday Night, ambavyo wahakiki wengi wamevipita haraka. Lakini uzito wa uongozaji wake uko nyuma ya kamera. Kwa muda mrefu vyama vya mafundi wa Hollywood vilikuwa vimefungwa kwa watu weusi: mpiga picha, mshika taa na mkata filamu walirithishana kazi kwa ujamaa. Kuanzia Buck and the Preacher ya 1972, filamu yake ya kwanza kuongoza, Poitier alitumia kiti chake kuwaingiza mafundi weusi kwenye kazi ambazo mwigizaji, hata akiwa maarufu namna gani, hawezi kuzigawa. Kwa jumla aliongoza filamu tisa, na Stir Crazy ya mwaka 1980 ilipita dola milioni 100, ya kwanza kufika hapo chini ya mwongozaji mweusi.

Kuna pingamizi la mwisho, nalo ni la hesabu. Kama alibadilisha kazi hii, mbona mwanamume mweusi wa pili kupata Oscar ya mwigizaji bora, Denzel Washington, aliipata Machi 2002, miaka 38 baadaye, usiku uleule ambao Poitier alipewa tuzo ya heshima? Anayeuliza hivyo anapima kwa tuzo, na tuzo hutolewa na wale waliokuwa wakibisha. Mwaka wa 1967 wenyewe ni ushahidi. Poitier alikuwa na filamu tatu kubwa, In the Heat of the Night ikachaguliwa filamu bora, mwenzake Rod Steiger akapata Oscar kwa kuigiza mbele yake, na yeye hakupendekezwa kwa yoyote. Kilichobadilika kilikuwa mahali pengine: ni nani anaweza kutaja eneo la kupigia picha, nani anaweza kuchukua asilimia, nani anaweza kuajiri, na nini mwandishi hawezi tena kumwandikia mwanamume mweusi bila kuulizwa. Sikatai kwamba mtu mmoja hatoshi. Yeye mwenyewe alilalamika mara nyingi kwamba kuwa peke yake mlangoni ni mzigo, na kwamba alilazimika kuwa mwakilishi wa mamilioni ya watu wakati wenzake Wazungu waliwakilisha nafsi zao tu.

Televisheni, aliyoiacha baada ya 1955, aliirudia mwaka 1991 kumwigiza mwanasheria Thurgood Marshall katika Separate but Equal, juu ya kesi ya ubaguzi shuleni iliyoamuliwa 1954. Marshall huyo ndiye aliyekwenda London mwaka 1960, kwenye mkutano wa Lancaster House, akiwasaidia wajumbe wa Kenya kuandika haki za raia katika katiba yao. Mwaka 1997 Poitier aliigiza Nelson Mandela, na Michael Caine akawa de Klerk. Wawili hao walikuwa wameigiza pamoja The Wilby Conspiracy, filamu ya 1975 inayohusu Afrika Kusini na kupigwa Kenya. Kuanzia mwaka huo wa 1997 hadi 2007 alikuwa balozi wa Bahamas nchini Japani. Alifariki Los Angeles tarehe 6 Januari 2022, akiwa na miaka 94.

Kwa upande wetu wa Afrika Mashariki kuna hati moja ya kuongezea. Mwaka 1959, mwanasiasa wa Kenya Tom Mboya alipokuwa akitafuta nauli za vijana waliopata nafasi katika vyuo vya Marekani, barua ya kuwaomba Wamarekani wachange ilitiwa saini na watu watatu: Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier. Septemba mwaka huo ndege ya kwanza ilitua New York na wanafunzi 81, na mwaka uliofuata wakafuata wengine, Wangari Maathai akiwa miongoni mwao. Miaka miwili tu ilikuwa imepita tangu Kimani afe shimoni. Tukimpima Poitier kwa alichotufanyia, saini ile ina uzito kuliko filamu aliyokuja kuigiza kwetu.